Ipangie hela kazi kabla haijaingia

Sisi tunaofanya kazi ya kutoa elimu ya fedha kwa wananchi, swali tunalokutana nalo kila siku ni moja, "hela yangu inaenda wapi?" Anayeuliza mara nyingi ana kipato kisicho kibaya, hanywi, hachezi kamari, ila tarehe 15 ikifika anaazima nauli. Na analisema hilo kwa sauti ya chini kabisa kama vile kafanya kosa. Mi naomba tuanzie hapo, tuache kujiona wabaya, maana mara nyingi shida inaanza pale hela inapoingia ikiwa haina kazi maalum, na hela isiyo na kazi anayeikuta kwanza ndo anaichukua, awe mwenye deni, ndugu mwenye shida au wewe mwenyewe ukiwa na uchovu jioni.

Kwahiyo kitu cha kwanza tunachomwambia mtu ni aandike matumizi yake siku 30, yote, hata yale ya kuona aibu. Usibadilishe chochote kwanza, andika tu. Dada mmoja alirudi na daftari lake tukakaa nalo mezani, nikampa kalamu nyekundu azungushie mwenyewe kila kitu ambacho hakumbuki hata alikinunua kwa nini. Alizungushia vichache tu. Kilichomshtua kilikuwa kwingine, pembeni ya ukurasa alikuwa anaandika makato kila akitoa hela, na alitoa mara 22 ndani ya mwezi mmoja, kidogo kidogo, akiamini ndo anajibana. Alivyojumlisha yale makato akakaa kimya kidogo, afu akasema hii si ndo ile akiba ninayosemaga siwezi kuweka. Bandu bandu humaliza gogo, na yeye gogo alikuwa analikata mwenyewe. Siku hizi anatoa mara moja kwa wiki, anagawa kwenye bahasha, bahasha ya matumizi ikiisha imeisha.

Sasa kwenye akiba. Watu wengi wanasubiri waone kitakachobaki mwisho wa mwezi, na kusema kweli mwisho wa mwezi huwa hakibaki kitu, hata mtu akiongezwa mshahara bado hakibaki, kwasababu matumizi nayo yanapanda ngazi hiyohiyo. Akiba itoke siku hiyohiyo hela inapoingia, hata kama ni asilimia 3, na kama inawezekana ikatwe yenyewe bila wewe kuigusa. Kuna utafiti naupenda sana wa wachumi wawili, Richard Thaler na Shlomo Benartzi, waliuchapisha mwaka 2004 (huyu Thaler ndo alipata Nobel ya uchumi 2017). Waliwafuata wafanyakazi wa kampuni moja Marekani ambao walikuwa wanasema hawawezi kukatwa zaidi hata senti, wakawaambia sawa, leo hatuongezi makato, ila kubali leo kwamba kila ukiongezwa mshahara sehemu ya nyongeza itaenda akiba. Waliokubali walitoka kwenye wastani wa kuweka akiba asilimia 3.5 ya mshahara wakafika 13.6 ndani ya miezi 40. Hawakuwa wamebadilika tabia hata kidogo, waliamua tu mapema kabla hela haijafika mkononi na kuanza kuzoeleka.

Kama kipato chako hakitabiriki, leo kipo kesho hakipo, angalia miezi 6 iliyopita, chukua ule mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote, maisha yako ya lazima yapangie kwa kiasi hicho. Mwezi mzuri ukija, ziada iwe ya kufidia mwezi mbaya. Lengo liwe kufikisha akiba ya dharura ya mahitaji ya miezi 3 hadi 6, ila usiogope hiyo namba, ya mwezi mmoja tu tayari inakutoa kwenye mikopo ya haraka haraka.

Na hii mikopo ndo inaniumiza roho jamani. Mtu anaambiwa riba asilimia 10 tu, anaona ni ndogo, haulizi ni 10 ya muda gani. Ikiwa ni ya mwezi, tuseme umekopa 100,000, mwezi wa kwanza umeshindwa kurudisha ukalipa riba peke yake, 10,000, ukasogeza mbele, na mwezi unaofuata vilevile. Ukienda hivyo miezi 12 umeshalipa 120,000 na bado unadaiwa 100,000 yako ileile kamili. Na kama hata hiyo riba hukulipa ikawa inapanda juu ya deni, baada ya mwaka linafika kama 313,800. Hapo hujapigwa faini wala hujaibiwa, ni hesabu tu imefanya kazi yake.

Kingine ni namna riba inavyohesabiwa. Chukua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, unarejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi pamoja na riba. Mkopeshaji anayehesabu riba kwenye deni la mwanzo muda wote atachukua riba 288,000, ina maana hata mwezi wa 12 ukiwa unadaiwa 100,000 tu bado anakutoza kama vile unadaiwa zile 1,200,000 zote. Anayehesabu kwenye deni lililobaki atachukua 156,000. Asilimia ni ileile 2, tangazo linaweza kuwa lilelile, ila tofauti ni 132,000 ya jasho lako.

Ndo maana nasisitiza, ukikaa mbele ya mkopeshaji acha kuuliza riba asilimia ngapi, muulize "nikichukua hiki, mpaka namaliza nitakuwa nimetoa jumla shilingi ngapi mfukoni mwangu, pamoja na ada, bima na kila kitu?" Mwambie aiandike hiyo namba kwenye karatasi. Akianza kuzunguka, beba nyaraka zako uende nazo nyumbani ukazisome umetulia, hata kama anakwambia ofa inaisha leo.