Kathmandu hadi Pokhara: kilomita 143 haziishi kwa dakika 17

Watu wanaopanga kwenda Nepal huniuliza: kutoka Kathmandu hadi Pokhara ni dakika ngapi kwa ndege? Wengi wanakuja wakiwa wameshapiga hesabu. Wamechukua umbali, wakagawanya kwa mwendo wa ndege, wakapata dakika 17. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na hesabu hiyo siikatai. Ila haikuambii utafika saa ngapi.

Tuanze na umbali. Ukivuta mstari mnyoofu kutoka Tribhuvan, uwanja wa ndege wa Kathmandu, hadi uwanja mpya wa Pokhara, uliofunguliwa Januari 2023, unapata kama kilomita 143. Ukiona vikokotoo vinapishana kwa kilomita mbili tatu, angalia kama kimoja bado kinapima hadi uwanja wa zamani. Kwa barabara ni kama kilomita 200, unafuata mto Trishuli hadi Mugling kisha unaendelea magharibi, na basi huchukua saa sita hadi nane, au zaidi barabara ikiharibika.

Sasa muda. ATR 72, ndege ya mapangaboi inayotumika sana kwenye njia hii, ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa. Dakika 17 zinatoka hapo. Lakini safari fupi namna hii haiipi ndege nafasi ya kutulia. Tribhuvan uko mita 1,338 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililozungukwa na vilima kama bakuli. Ndege inapanda kwanza, na haijakaa sana juu kabla ya kuanza kushuka. Kwenye kupanda na kushuka mwendo ni mdogo.

Halafu ratiba haihesabu muda wa angani peke yake. Saa inaanza pale kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu na ndege kusogea, inasimama ndege ikishaegeshwa. Ndiyo maana tiketi husema dakika 25 hadi 30.

Wengi huogopa upepo. Hebu tuupime: upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa unashusha mwendo hadi 460, na safari inaongezeka dakika moja na nusu tu. Linganisha na foleni ya kutua Kathmandu. Tribhuvan una njia moja tu ya kurukia na kutua, ndege za ndani na za kimataifa zote zinaigombea. Waongoza ndege wakimwambia rubani azunguke asubiri, mzunguko mmoja wa kawaida ni dakika nne. Mizunguko mitatu ni dakika 12, karibu nusu ya safari nzima! Na asubuhi za majira ya baridi ukungu ukijaa bondeni, ndege za kwanza hazitoki kabisa, na kila inayofuata inachelewa.

Kwa hiyo kama unarudi Kathmandu kuunganisha ndege ya kwenda nje ya nchi, usitegemee zile dakika 30. Mimi humpangia msafiri arudi siku moja kabla, alale mjini.

Ukiwa unakwenda Pokhara, omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Kaskazini ndiko iliko Himalaya: utaipita Ganesh Himal, kisha Manaslu, na ndege ikianza kushuka utaanza kuitafuta Machapuchare, mita 6,993, kilele chake kimegawanyika kama mkia wa samaki.