Ukiinuka Ghafla Ukaona Giza: Maswali na Majibu

Kwa nini nikisimama naona giza?
Ukisimama, mvutano wa dunia huishusha damu: zaidi ya nusu lita huhamia miguuni na tumboni. Neva zinazopima presha, kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule utokao moyoni, huupasha ubongo habari. Ubongo huuharakisha moyo na kuibana mishipa, yote kwa sekunde chache. Ubongo ukikosa damu ya kutosha kabla hayo hayajatimia, ndipo unapoona giza.

Mtu akizirai, tumwinue?
Hapana, msimwinue. Wengi ninaowapokea hospitalini huletwa wima, wameshikwa makwapa na watu wawili, kichwa kinaning'inia. Kuanguka kulishamlaza, na kulala ndiko kunakorudisha damu kichwani. Mkimwinua mnaishusha tena. Mlazeni chali, mwinueni miguu, legezeni nguo. Akichelewa kuzinduka na anapumua vizuri, mgeuzeni ubavu na muite msaada. Asipopumua kawaida, anzeni kukandamiza kifua papo hapo.

Basi tumkalishe tu kitini, apate hewa?
Hapana! Hewa iko hata sakafuni. Kilichopungua ni damu kichwani. Nimeona watu wakizirai mara ya pili kwenye kiti hichohicho walichokalishwa kwa huruma. Wala msimnyweshe maji kabla hajazinduka kabisa, atapaliwa. Akizinduka aendelee kulala dakika kadhaa, kisha akae, ndipo asimame.

Nani hupatwa zaidi?
Waliotapika au kuharisha, waliovuja damu, wazee, wenye kisukari cha miaka mingi, na waliolala kitandani siku nyingi. Hata wanaanga, vijana wenye afya, wakirudi kutoka angani baadhi hushindwa kusimama dakika 10, kwa kuwa mwili umezoea kuishi bila uzito.

Dawa za presha zinanipa kizunguzungu. Niache?
Usiache mwenyewe, tafadhali. Njoo tukupime umelala, kisha umesimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10 ndani ya dakika 3 za kusimama, daktari ataangalia dozi.

Nije hospitali lini?
Siku hiyohiyo, usingoje kesho, ikiwa ulizirai ukiwa umelala au katikati ya mazoezi, ikiwa kulitangulia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, ikiwa unapata choo cheusi, au una mimba. Na njiani, kama bado unasikia kizunguzungu, waambie wanaokuleta wakulaze.