Kukarabati kliniki ya mifugo bila kufunga mlango: anza na sakafu

Wengi wanaokarabati kliniki ya mifugo huku wakiendelea kutibu huanza kufikiria rangi na meza. Mimi nashauri waanze na sakafu. Ndiyo inayoamua chumba kitafungwa siku ngapi, na ndimo ugonjwa ulimojificha.

Kirusi cha parvo cha mbwa, kile kinachoharisha watoto wa mbwa, hudumu miezi mingi nje ya mnyama, hata kupita mwaka. Sakafu ya saruji iliyopasuka, iliyoharishiwa na watoto wa mbwa miaka nenda rudi, ina akiba yake katika kila ufa. Fundi akiigonga ikiwa kavu, akiba hiyo inaruka pamoja na vumbi. Kwa hiyo kabla ya nyundo, sugua kwa sabuni, suuza, halafu mwaga jiki, yaani dawa ya klorini: ikiwa ni ya asilimia 3.5, lita 1 kwa lita 20 za maji, sakafu ibaki imelowa dakika 10. Sabuni usiiruke, kwa sababu kinyesi hula nguvu ya klorini. Dettol iweke mbali na paka, maana ini lake hushindwa kuondoa dawa za jamii ya fenoli kama hiyo. Na wakati wa kuvunja, mtu mmoja kazi yake iwe kumwagia maji tu.

Turubai lililoning'inizwa mlangoni halizuii vumbi. Piga fremu ya mbao, weka mapazia mawili ya nailoni nzito yaliyoachana mita 1, ili moja lifungwe kabla ya lingine kufunguliwa. Halafu tazama juu. Katika majengo yetu mengi kuta za ndani huishia kwenye siling'i, na darini ni wazi kutoka chumba hadi chumba. Vumbi hupita huko na kushukia meza ya upasuaji kupitia matundu ya taa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ziba matundu hayo kwanza. Kisha weka dirishani feni inayotoa hewa nje kutoka chumba cha kazi. Kujua kama inatosha, washa udi na uushike penye upenyo wa pazia: moshi uingie upande wa mafundi. Ukirudi upande wa wagonjwa, bado.

Sakafu mpya ya zege imwagiliwe siku 7, na ukitaka kupaka epoksi (rangi ngumu ya sakafu isiyopitisha maji) subiri siku 28. Mafundi watakuambia imekauka. Usibishane nao, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa gundi, funua baada ya saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, epoksi itaota malengelenge. Kama huwezi kufunga chumba mwezi mzima, weka vigae visivyoteleza na ujazie viungo kwa grauti ya epoksi. Ile ya saruji hunywa mkojo. Pembe ya sakafu na ukuta iwe ya mviringo, ipande sentimita 10, na mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Friji ya chanjo ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, kwenye laini yake ya umeme, kwa sababu grenda na drili zikiwa laini moja nayo huangusha swichi bila mtu kujua. Ukihamishia chanjo kwenye kisanduku baridi, zitenganishe na barafu kwa kadibodi, kwani chanjo ya kichaa cha mbwa ikiganda imeharibika. Mtungi wa oksijeni usikae karibu na cheche za grenda. Mafundi wapewe mlango wa nyuma, kwani geti lililoachwa wazi kwa ajili ya toroli la mchanga linatosha kumpoteza mbwa wa mtu.

Kabla ya kumlipa fundi salio, mwaga ndoo ya lita 20 katikati ya chumba na usubiri dakika 15. Palipobaki dimbwi, achore kwa chaki na arudie.