"Pen" si kalamu tu: tunayokosea kuhusu neno la herufi tatu

Mwaka mmoja nilipokuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, niliandika ubaoni "The pigs are in the pen", nikaomba tafsiri. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama na kusema bila wasiwasi: "Nguruwe wamo ndani ya kalamu." Darasa likaangua kicheko. Sikumlaumu hata kidogo. Tangu shule ya msingi alikuwa ameambiwa "pen" ni kalamu, yakaishia hapo. Baada ya kipindi tulifungua kamusi pamoja, akaona neno lile limeorodheshwa mara mbili, kila moja na kinamba chake juu. Vinamba hivyo wengi wetu huviruka, ilhali ndivyo vinavyobeba habari yenyewe.

Dhana: "Pen" ni neno moja lenye maana nyingi

Ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwenye tahajia. "Pen" ya nguruwe, yaani banda au zizi, ni ya Kiingereza cha kale. "Pen" ya kuandikia ilikuja baadaye kwa njia ya Kifaransa, asili yake Kilatini "penna", unyoya. Hayana undugu wowote.

Mwaka 1960 mwanafalsafa wa lugha Yehoshua Bar-Hillel alilitumia neno hilihili kuonyesha kwa nini kompyuta zisingeweza kutafsiri vizuri bila msaada wa binadamu. Katika mfano wake, mtoto aitwaye John anatafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, mwishowe analikuta "in the pen". Sanduku haliingii ndani ya kalamu. Liko kwenye kizimba anamowekwa mtoto mdogo ili acheze. Wewe unalijua hilo kwa sababu umewahi kushika kalamu na umewahi kubeba sanduku. Mashine ilikuwa na orodha ya maneno tu, kama kijana wangu.

Tena kuna ile ya Wamarekani: mtu akiwa "in the pen" yuko gerezani. Wengi hudhani ni lile zizi, kwamba wafungwa wamefungiwa kama mifugo. Hapana, ni kifupi cha "penitentiary", neno lenye mzizi wa Kilatini wa kutubu. Gereza la Eastern State kule Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1829, lilimweka kila mfungwa chumbani peke yake, akae kimya na ajutie makosa yake.

Dhana: "Pencil" imezaliwa na "pen"

Hii ndiyo inayonasa watu wengi, hata walimu wenzangu. Zote mbili ni za kuandikia, zote zinaanza na herufi zilezile, na penseli inaonekana kama mdogo wake kalamu. Lakini "pencil" imetoka kwenye Kilatini "penicillus", brashi ndogo, na ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye neno la mkia. Kwa karne kadhaa "pencil" ya Kiingereza ilikuwa brashi nyembamba ya mchoraji, kijiti chenye nywele nchani, na ndipo jina likahamia kwenye kile kijiti cheusi tunachokijua.

Ndugu halisi wa penseli yuko hospitalini. Kuvu wa jamii ya Penicillium walipewa jina hilo kwa sababu, ukiwatazama kwa hadubini, sehemu yao inayozaa mbegu imechanua kama brashi. Alexander Fleming alipogundua mwaka 1928, London, kwamba kuvu hao wanaua bakteria, dawa ikaitwa penisilini. Kwa hiyo sindano ya penisilini na penseli ya mtoto wa darasa la kwanza ni wa ukoo mmoja, na "pen" iliyolala kwenye kikebe kimoja na ile penseli ni mgeni kabisa.

"Pen" nayo ina ukoo wake. "Penna" ya Kilatini, "feather" ya Kiingereza na "pteron" ya Kigiriki, yaani bawa, vimetokana na mzizi mmoja wa kale wa kuruka. Hilo bawa la Kigiriki ndilo limo ndani ya helikopta. Watu huikata "heli" na "kopta", lakini mkato wa kweli ni "heliko", kilichojizungusha, na "pter", bawa.

Niliwahi kuchonga unyoya wa bata mzinga kwa wembe ili wanafunzi waone. Unaukata mshazari kwenye shina, unapasua ncha kidogo katikati, unachovya kwenye wino. Shina lina uwazi ndani, nao wino hukaa humo. Mistari michache tu ncha inalegea, unachonga tena. Hapo wakaelewa kwa nini Waingereza wanacho kisu kinachoitwa "penknife": hakikuitwa hivyo kwa kuwa ni kidogo kama kalamu, kilikuwa cha kuchongea manyoya.

Huku kwetu hatukuhitaji unyoya. Kalamu ni "qalam" ya Kiarabu, nayo imetoka kwa Kigiriki "kalamos", tete. Nakala za Kurani zilizoifanya Siyu, kisiwani Pate, ijulikane ziliandikwa kwa kalamu za namna hiyo.

Dhana: Ndani ya penseli kuna risasi, ile metali

Hakuna. Katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, yalipatikana madini meusi laini yanayoacha alama, yakadhaniwa ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kwamba ni kaboni, na mwaka 1789 yakapewa jina la grafiti, kutoka Kigiriki cha kuandika. Lakini majina yalikuwa yameshaenea. Wajerumani wanasema "Bleistift", kijiti cha risasi. Waarabu wanasema "qalam rasas", nasi tukasema kalamu ya risasi.

Bado nawasikia wazazi wakiwakanya watoto wasitafune penseli kwa kuogopa sumu ya risasi. Wawakanye, kwa ajili ya meno na uchafu. Lakini kile kijiti cheusi cha katikati ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, kama Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alivyoanza kufanya mwaka 1795.