Mahitaji ya fedha ya muda mrefu: maana yake

Mahitaji ya fedha si hamu ya utajiri. Ni sehemu ya mali ambayo watu wameamua kukaa nayo ikiwa pesa, yaani noti au salio la benki, badala ya kuitia katika kiwanja, mifugo au hati za Hazina.

Lamu, Maulidi yakikaribia, noti hutoka benki kwa wingi. Kusi ikivuma na mashua kukaa bandarini, mzunguko hupungua. Hayo ni mabadiliko ya msimu. Mahitaji ya muda mrefu ni uhusiano unaobaki misimu ikishapita: kati ya fedha halisi kwa upande mmoja, na pato la taifa, riba na mfumuko wa bei kwa upande wa pili.

Neno "halisi" ndilo linalowapotosha wengi. Muuza duka wa Malindi aliyehitaji shilingi 20,000 kununulia bidhaa, bei zikipanda maradufu atahitaji 40,000. Mahitaji yake halisi hayakuongezeka hata kidogo. Kwa hiyo gawanya fedha kwanza kwa faharasa ya bei, yaani namba inayopima kiwango cha bei kwa jumla; jibu ndilo fedha halisi.

Tuseme pato likikua asilimia 1, fedha halisi nazo hutakiwa kwa asilimia 1 zaidi. Pato likikua asilimia 5 na bei asilimia 5, uchumi utabeba ongezeko la fedha la takriban asilimia 10, riba isipobadilika. Ongeza 18, na ziada hukimbilia bidhaa na dola. Kenya ililionja hilo vikali: mwaka 1993 mfumuko ulipita asilimia 40.

Kipimo cha fedha nacho kichaguliwe kwa uangalifu. M3 ya Kenya, kipimo kipana cha fedha zilizomo katika uchumi, hujumlisha amana za fedha za kigeni; M2, kipimo chembamba zaidi, haizihesabu. Kwa mji wa mahoteli yanayopokea yuro, tofauti hiyo si ndogo.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani uhusiano haubadiliki. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haja ya kutembea na noti ikapungua, ilhali pesa za wateja huwekwa benki katika akaunti za udhamini. Hesabu iliyojengwa kwa takwimu za kabla ya hapo hukosea, hivyo mkadiriaji hana budi kupima kama uhusiano ulivunjika. Kisha aangalie kigezo cha marekebisho, yaani namba inayoonyesha pengo kati ya fedha zilizopo na zile zinazotakiwa kwa muda mrefu linavyobadilika kila kipindi: lazima kiwe hasi. Kikiwa -0.25 kwa takwimu za robo mwaka, robo ya pengo huzibwa kila miezi mitatu. Kikiwa chanya, pengo huzidi kupanuka, na uhusiano wa muda mrefu anaoudai haupo.