Vimrc ni programu

Vimrc ni faili la amri ambazo Vim, kihariri cha kuandikia maandishi na programu, huzitekeleza kila kinapofunguliwa. Kwenye Linux na Mac hukaa `~/.vimrc` au `~/.vim/vimrc`, kwenye Windows huitwa `_vimrc` na hukaa kwenye folda yako binafsi. Ukitaka Vim ikuonyeshe namba za mistari kila siku bila kuikumbusha, unaandika humo `set number`, unahifadhi, basi. Maana yenyewe haina mengi zaidi ya hayo.

Linalonifanya niandike ni jina ambalo tumelizoea, "setingi za Vim". Kila penye wanaojifunza kuandika programu atakuwepo anayesema "nitumie setingi zako". Mwenzake anamtumia faili zima, mistari mia tatu, na haichukui muda kabla hajarudi kulalamika kwamba setingi hazisomwi. Zinasomwa, tena mstari baada ya mstari. Lakini lile si faili la setingi, na anayeliita hivyo atatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Faili la setingi lipo, na linafahamika. VS Code, kihariri kingine, inalo, `settings.json`: upande mmoja jina la kipengele, upande wa pili thamani yake. Mstari wa mwisho ukiupandisha juu, hakibadiliki kitu. Humo hamna "kama hivi, fanya vile", wala "kwanza hiki, kisha kile". Ni data tupu, na kihariri ndicho kinachoamua lini kiisome na kiitumieje. Ni kama fomu ya benki: unajaza visanduku, na hakuna anayejali ulianza na kipi.

Vimrc haiko hivyo hata kidogo. Kila mstari wake ni amri ile ile ambayo ungeiandika mwenyewe baada ya kubonyeza nukta pacha ukiwa ndani ya Vim. `set number` ya kwenye faili na `:set number` ya kwenye skrini ni kitu kimoja. Tofauti ni nani aliyeiandika na lini. Unaweza kuweka sharti, kwa mfano `if has('win32')`, ili mistari fulani ifanye kazi kwenye Windows tu. Unaweza kurudia amri kwa mzunguko, kutunga funksheni zako, kuita programu nyingine ya kompyuta kwa `system()`. Hakuna fomu ya benki inayoweza hayo.

Hata herufi mbili za mwisho zinasema hivyo hivyo. Wapo wanaofundisha kwamba rc imetokana na maneno ya Kiingereza yanayohusu usanidi. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa kompyuta wa CTSS pale chuo cha MIT, Marekani, Mfaransa Louis Pouzin aliandika programu iliyoitwa RUNCOM. Kazi yake ilikuwa kuchukua faili lenye amri na kuziendesha moja baada ya nyingine, ili mtu asikae kuziandika upya kila mara. Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyokatwa na kuunganishwa: run, yaani "endesha", na commands, yaani "amri". Watu wakazoea kuliita hata faili lenyewe runcom. Mfumo endeshi wa Unix ulipokuja ukalirithi jina hilo likiwa limefupishwa: `/etc/rc` lilikuwa faili la amri za kuendeshwa mashine inapowashwa. Kutoka hapo tukapata `.bashrc`, tukapata `.exrc` ya ex na vi, vihariri vya Bill Joy, na Vim, ambayo Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, ikawa na `.vimrc` yake. Pouzin huyo huyo ndiye aliyetoa jina la "shell" kwa programu inayopokea amri zako kwenye terminali, na wazo lake ni lilelile: amri ni vitu vya kupangwa na kuendeshwa. Hakuna mahali popote kwenye ukoo huo ambapo rc ilimaanisha orodha ya mapendeleo.

Mtu anaweza kuniuliza, kuna ubaya gani watu wakiita wanavyopenda? Ubaya uko kwenye saa wanazopoteza. Programu huendeshwa kwa mpangilio, na anayedhani ana orodha hawezi kuuona mpangilio huo.

Chukua leader, kile kitufe ambacho watu hukitanguliza kwenye njia zao za mkato. Mtu anaandika `nnoremap <leader>w :w<CR>` ili ahifadhi faili kwa vitufe viwili, halafu mistari arobaini chini yake anaandika `let mapleader = ","`. Anafungua Vim, anabonyeza alama ya mkato (,) na w, faili halihifadhiwi. Anasema Vim imekataa leader yake. Haijakataa. Vim huigeuza `<leader>` kuwa kitufe halisi papo hapo inapoutekeleza mstari wa `nnoremap`, na wakati huo mapleader ilikuwa haijawekwa, kwa hiyo ikachukua ile ya kawaida, mkwaju wa nyuma. Hatua ya mistari arobaini baadaye imechelewa. Kwenye orodha ya setingi, neno "imechelewa" halina maana. Kwenye programu ndilo jibu.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni ya lugha ya programu ya Python. Mtu ameweka `set shiftwidth=2` kwenye vimrc ili mstari usogee nafasi mbili, anafungua faili la Python, na kila akisogeza mstari unaruka nafasi nne. Anaapa kwamba vimrc haisomwi kwenye Python. Ukweli ni kwamba ilisomwa mwanzo kabisa, mbili ikawekwa. Baadaye faili la Python likafunguliwa, Vim ikatambua aina yake, ikaendesha faili jingine linalokuja na Vim yenyewe, `ftplugin/python.vim`, ambalo huweka nne kwa kufuata mwongozo wa uandishi wa Python. Aliyeandika mwisho ndiye anayesikika. Ukitaka yako ishinde, iweke itekelezwe baada ya hiyo: tengeneza `~/.vim/after/ftplugin/python.vim` uandike humo `setlocal shiftwidth=2`. Ama andika kwenye vimrc `let g:python_recommended_style = 0`, na faili lile la Python litakuachia nafasi. Na kabla hujagusa chochote, iulize Vim yenyewe: `:verbose set shiftwidth?` itakutajia thamani iliyopo na faili lililoiweka mara ya mwisho. Natamani amri hiyo ingefundishwa siku ya kwanza, pamoja na ile ya kutoka.

Jambo jingine ni kusoma upya. Watu hubadilisha vimrc kisha huandika `:source ~/.vimrc` wakiamini kwamba ya zamani imefutwa na mpya imechukua nafasi. Haikufutwa. Amri zimeendeshwa tena juu ya zile zilizokwisha kuendeshwa. Kwa `set number` huoni tofauti, maana kuiwasha mara mbili ni sawa na mara moja. Lakini kama una `autocmd`, amri inayojiendesha yenyewe jambo fulani linapotokea, ya kuondoa nafasi za mwisho wa mistari kila unapohifadhi, ukisoma upya mara tano, kila kuhifadhi kutaifanya kazi hiyo mara sita, na Vim inaanza kuwa nzito bila sababu unayoiona. Ndiyo maana waandishi wazoefu huzifunga autocmd ndani ya `augroup` na kuanza na `autocmd!`, ambayo hufuta zilizotangulia kwenye kundi hilo. Wengi huinakili mistari hiyo kama mapambo. Ina kazi, na kazi yake haieleweki mpaka ukubali kwamba hili ni faili la kuendeshwa.

Hata faili tupu lina la kufanya. Tangu Vim 8.0, ya mwaka 2016, asiye na vimrc hupewa `defaults.vim`, yenye rangi za sintaksia na mengine mazuri. Siku anapotengeneza vimrc yake, hata iwe na mstari mmoja, `defaults.vim` haiendeshwi tena, na rangi zinapotea. Wengi huamini ule mstari mmoja ndio ulioharibu. Dawa ni kuanza faili lako na `source $VIMRUNTIME/defaults.vim`, kisha yako yafuate chini.

Sasa nije kwenye kuomba na kupeana. Ukichukua vimrc ya mtu na kuiweka kwako, umekubali programu yake iendeshwe kwenye kompyuta yako, kwa ruhusa zako, kila unapofungua Vim. Vim yenyewe inalijua hilo vizuri. Kuna kitu kiitwacho modeline, mstari ndani ya faili la kawaida unaoiambia Vim namna ya kulionyesha faili hilo, na huo ndio unaostahili kuitwa setingi, kwa sababu kwa makusudi kabisa umewekewa mipaka: una ruhusa ya kubadilisha vipengele tu, hauna ruhusa ya kuendesha amri. Mwaka 2019 ulipogunduliwa mwanya ulioruhusu modeline kuvuka mpaka huo, ilihesabiwa kuwa hitilafu ya usalama na kuzibwa haraka. Kwa vimrc hakuna mwanya wa kuziba, kwani kuendesha amri ndiyo kazi yake. Kwa sababu hiyo hiyo, kipengele cha `exrc`, kinachoifanya Vim isome vimrc iliyomo kwenye folda yoyote unayoifungulia Vim, huja kikiwa kimezimwa.

Emacs, kihariri kingine, ambayo faili lake la kuanzia ni `init.el` na huandikwa kwa lugha ya Lisp, imekwenda mbali zaidi. Kuna ujumbe mfupi wa mwanzo ambao huwezi kuuzima mpaka uandike jina lako la kuingilia, kwa herufi, ndani ya faili lako. Mwongozo wake unaeleza sababu waziwazi: anayenakili faili la mwenzake bila kufikiri asijikute amezima ujumbe huo bila kujua.

Vim haina kinga ya namna hiyo, na kuna mstari mmoja unaoniuma kila ninapouona umenakiliwa: `set shortmess+=I`. Huzima ukurasa wa mwanzo, ule unaotokea ukifungua Vim bila faili. Kwa miaka mingi ukurasa huo umekuwa ukiomba msaada kwa watoto wa Uganda. Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea mwaka mzima wa 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kazi za maji na usafi, na tangu hapo akawaomba watumiaji wa Vim wachangie huko badala ya kumlipa yeye. Mtu ana haki ya kuuzima. Kinachonisikitisha ni kijana wa hapa kwetu kuuzima bila kujua kwamba upo, kwa kuwa alipokea faili la mtu wa mbali akadhani ni rangi na namba za mistari.

Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, imerahisisha mazungumzo haya kidogo. Tangu toleo la 0.5, la mwaka 2021, unaweza kuandika `init.lua`, na Lua inajulikana kuwa lugha ya programu. Hata hivyo nimeshasikia "setingi za Lua", kwa hiyo mazoea yana nguvu.

Basi ndugu, sikuzuii kuomba. Omba mstari, na aliyekupa akueleze unafanya nini na unatakiwa kutangulia au kufuata nini. Na ukiwa tayari una vimrc ya kupewa, anza na huu: kama juu kabisa pana `set nocompatible`, ufute bila wasiwasi. Vim hujitoa yenyewe kwenye hali ya kuiga vi mara tu inapoikuta vimrc yako mahali pake pa kawaida, na mstari huo unapotekelezwa hukuta kazi imeshafanyika.