Orodha ya sabvolyumu za Btrfs: wengi wanaisoma vibaya

Btrfs ni mfumo wa faili wa Linux unaoweza kugawanywa katika sabvolyumu, yaani miti ya faili inayoweza kupachikwa (mount) kila mmoja peke yake. Andika `sudo btrfs subvolume list /` kwenye Ubuntu iliyowekwa juu ya Btrfs, yenye sabvolyumu `@` (inayopachikwa kwenye `/`) na `@home` (kwenye `/home`), utaletewa mistari ya namna hii: `ID 257 gen 412 top level 5 path @home`. Watu huisoma kama wanavyosoma `ls`, na hapo ndipo wanapopotea.

"Inaonyesha vilivyomo ndani ya folda niliyoitaja." Hapana. Ile `/` inaiambia amri ni mfumo upi wa faili, basi. Taja `/home` badala yake na sabvolyumu zitakazoorodheshwa ni zilezile. Jina `@home` nalo limehesabiwa kuanzia kileleni, kwenye sabvolyumu namba 5, wala si kuanzia pale ulipoipachika. Ndiyo maana `cd /@home` inagoma. `@` na `@home` ni ndugu, hakuna aliye ndani ya mwenzake. Ukitaka kuwaona wamekaa pamoja, pachika kilele chenyewe: `sudo mount -o subvolid=5 /dev/sda2 /mnt` (diski yako huenda ina jina jingine), kisha `ls /mnt`. Hiyo namba 5 haipati mstari wake kwenye orodha kamwe; hutajwa tu kama `top level` ya nyingine. Zinazoundwa na watumiaji huanzia 256.

Kuna chaguo `-o` la kupunguza orodha. Ukilitumia kwenye `/`, `@home` haionekani, na nimeona watu wakishikwa na jasho wakidhani imefutika. Haijafutika, haiko chini ya `@` tu.

"Mzazi wa sabvolyumu ni ile inayoibeba." Inategemea umeuliza nini. `-p` inataja sabvolyumu inayoibeba. `-q` inatoa UUID (kitambulisho cha kipekee) ya ile iliyopigwa snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo) ikazaliwa hii. Mtoto anaweza kuzaliwa nyumba moja akalelewa nyingine. Snapshoti pekee utazipata kwa `-s`.

"Snapshoti ya `@` inachukua kila kitu." Hapana. Sabvolyumu iliyomo ndani ya `@` itaonekana kwenye snapshoti kama folda tupu.

"Nimefuta sabvolyumu na jina limetoka kwenye orodha, basi nafasi imerudi." Usiharakie. Keneli husafisha polepole nyuma ya pazia; `-d` itakuonyesha zinazosubiri, na `btrfs subvolume sync` hungoja hadi kazi iishe. Hata baada ya hapo, data ambayo snapshoti nyingine bado inaishikilia haiondoki diskini.